Atelie ya shaba ya Katuba: nini ya kununua, nini ya kuacha

Nianze na jibu, juu najua bengi munasomaka mistari ya kwanza tu: muende. Kama uko unatafuta kitu ya kupamba salo, barza ao lupango, na uko na falanga kidogo yenye uliweka pembeni, ile atelie ya ba fundi ya shaba kule Katuba, huku Lubumbashi, iko ya kwenda kuona mbele ujaze nyumba na maua ya plastiki ya mu magazini. Lakini hapana kila kitu yabo iko sawasawa. Kuko yenye iko muzuri mpaka mugeni akiingia anasahau kusalimia, anabaki anaiangalia, kuko yenye iko vile vile tu, na kuko moja yenye sitamushauri mutu mwenye iko na batoto badogo. Nitasema yote, na bei pia, juu hiyo njo kitu bantu bananiuliza mingi tangu niliweka foto ya barza yetu.

Usitafute kibao, hakuna. Ni lupango ya kawaida, matofali na portaye ya bluu, na chini ya muti ya avoka njo kazi yote inafanyikia. Nyundo utaisikia ungali mu barabara. Papa mwenye atelie ni mutu muzima, alianzaka hii kazi angali kijana, sasa anafanya na bijana bake, na mama ya nyumba njo anashika kitabu ya komande. Akikuona anakupa kiti mbele ya kukuambia bei. Na bei ni moja kwa kila mutu, hiyo nilihakikisha: nilituma mutoto ya dada yangu, kijana ya iniversite, akaulize ile ile lampe yenye miye niliuliza, alipewa bei yenye nilipewa. Mu muji hii kuko mahali bei inafuata nguo yenye ulivaa, kwa hiyo ile kitu ilinifurahisha sana.

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Shaba njo kitu yabo, na kama unaenda pale kwa kitu ingine na hauangalie shaba, umepoteza transpori. Shi bantu ya Lubumbashi tunakaa juu ya shaba, muji yenyewe ilizaliwa mu 1910 juu ya shaba, malori inaenda Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, na shaba usiku na muchana, lakini ingia mu salo ya bantu uangalie ku ukuta, utakuta saa ya plastiki na tablo ya karatasi yenye iko na maporomoko ya maji ya inchi yenye hakuna mutu anajua. Hiyo inaniumizaka. Kitu yenye dunia nzima inakuja kutafuta kwetu, shi benyewe hatuiweke hata pa mulango. Njo maana miye natetea hii atelie kwa moyo yote.

Nilikaa pale nikaangalia kazi kwa muda murefu, juu mama alisema subiri kidogo mafundi bamalize, na nitaeleza vile inaenda juu ukiisha kuelewa kazi hautasema tena bei iko juu. Tole ya shaba inafika bapa, nyembamba, haina kitu. Fundi anachora desini upande ya nyuma, hapana upande ya mbele, anailaza juu ya mufuko ya ngozi yenye ilijazwa muchanga, anaanza kupiga polepole na nyundo ya muti. Kile kitu kitatokeza mbele anakisukuma toka nyuma. Halafu anageuza, anashika bichuma bidogo bidogo, kila moja na kazi yake, kamoja ka kufanya mistari, kamoja ka kufanya matone, kamoja ka kulaza mahali penye palipanda mingi, na ile bichuma balijifanyia benyewe mu misumari mikubwa na masipringi ya gari. Shaba ukiipiga kwa muda inakuwa ngumu, ukilazimisha inapasuka. Hapo anaipeleka ku moto mpaka inageuka nyekundu ya giza, anaizamisha mu ndoo ya maji, na inatoka laini tena. Chuma ya kisu ukiifanya vile inakuwa ngumu, shaba yenyewe inalegea. Kijana moja alinipa kipande nijaribu: mbele ya moto kona ilinikatalia kabisa, kisha moto niliikunja na vidole mbili. Na hiyo safari ya ku nyundo, ku moto, ku maji, inarudia mara na mara kwa tablo moja. Mukono ya mutu na masaa ya mutu njo unalipa, shaba yenyewe ni sehemu ndogo tu.

Tablo yenye tulichukua ni ya mama anatwanga, mutoto ku mugongo, muti ya manga nyuma yake, urefu metre moja na kidogo, dola 90 pamoja na mbao ya nyuma. Modeli ya mama anatwanga kila mutu anaifanya, najua, lakini muangalie hii mukono: fundi alitosha mushipa moja ya ku kiwiko mpaka ku kiganja, ule mushipa yenye inatokaka mutu akishika mutwango nguvu, na ku kitenge ya ule mama kila duara ilipigwa na kichuma kamoja, haziko sawa, ukipitisha kidole unasikia moja iko ndani, ingine iko juu. Mutoto ku mugongo amelala, mudomo wazi kidogo. Bwana yangu mwenye haipendi kununua bitu ya ku ukuta njo alitafuta mwenyewe mahali ya kuitundika.

Na hapa nitoe shauri kwa benye mutanunua mahali pengine, juu mu muji kuko bitu ya bongo mingi. Kuko banauzisha tablo yenye ilifinywa na mashini, na kuko banauzisha aluminiumu yenye balipaka rangi ya shaba. Kujua haiko nguvu: geuza tablo. Ya mukono, nyuma yake iko na alama ya nyundo, mabonde inafuata desini, na haiko sawa mahali yote. Ya mashini nyuma iko safi mno. Kisha uibebe: shaba inapita aluminiumu uzito zaidi ya mara tatu, mukono yako itakuambia. Na kama ungali na mashaka, lomba ruhusa ukwaruze nyuma pa kona na musumari, ukiona nyeupe chini ya rangi, salimia muuzaji na uende zako. Papa ya Katuba alinipa musumari yeye mwenyewe mbele sijaomba.

Batakuuliza unataka rangi gani. Kuko ya kun'gaa, yenye banasugua halafu banapaka verni, kuko ya kuchomwa yenye inakuwa kahawia na nyekundu na mahali pengine karibu nyeusi halafu banasugua tu mahali penye palitokeza, na kuko ya asili yenye hawaipake kitu. Kwa salo chukua ya kuchomwa, usifikiri mara mbili, juu sura zinatoka muzuri hata mu mwangaza ya kidogo. Ya kun'gaa iko sawa ndani pia kama unapenda bitu ya kumetameta, lakini usiipeleke inje hata bakikuambia verni ni ya kalite: jua yetu ya mwezi ya kumi inapasua verni, mvua ya mwezi ya kumi na moja inaingia chini, na inabaki na madoa meusi yenye haiwezi kutoka mpaka utoshe verni yote na kuanza upya. Niliiona ku portaye ya jirani, na ile haikutoka ku hii atelie. Kwa inje, acha shaba ya asili. Kwanza itakuwa kahawia, kisha itaendelea kuwa nyeusi, na miaka mingi ya mvua itaileta kijani, na kila hatua iko na uzuri yake. Ukitaka kuisafisha, ndimu na chumvi inatosha, unasugua na kitambaa, unasukula na maji mingi, unakausha pale pale juu ukiacha asidi ya ndimu inaila. Lakini ile ya kuchomwa usiiguse na ndimu hata siku moja, utatosha rangi yote yenye fundi alitafuta na moto.

Lampe ya barza njo kitu napenda kupita yote. Ni tole yenye ilikunjwa nusu duara, ilitobolewa matundu ya majani na ya ndege, na taa inakaa ndani. Dola 35. Muchana unaona kipande ya shaba tu, usiku majani inapanda ku ukuta mpaka ku plafo, na ndege moja inakaa juu ya mulango. Tulitia ndani taa ya solere juu umeme inakatika kila wakati, na fundi alipima ile taa mbele ya kukunja tole ili iingie sawasawa, hakunipa kitu ya kipimo ya mutu yote. Hapo njo unaona tofauti ya kufanyisha na kununua tayari. Alikuja mwenyewe ku nyumba na kijana moja, akapima ukuta, akauliza mvua inapigaka upande gani, akaangalia rangi ya ukuta. Miye nilishangaa rangi ya ukuta inamuhusu nini. Akaeleza: maji ya mvua ikipita juu ya shaba inabeba kijani, inaiteremusha ku ukuta, na ukuta nyeupe itabaki na mustari yenye hautaiosha. Kwa hiyo alifanya lampe isimame mbali na ukuta na bikono bidogo, na chini yake akakunja tole kidogo ili maji idondoke mbele. Na bavisi alitia ya shaba ya manjano, hapana ya chuma, juu shaba na chuma bikikaa pamoja na maji, chuma njo inaoza mbele, na lampe inaanguka siku moja bila kukuambia. Munapoenda kununua lampe mahali yoyote, uliza ile mambo mbili, ukuta na bavisi. Kama muuzaji hana jibu, ye anauzisha tu.

Kibao ya ku portaye, yenye iko na jina ya familia na nimero ya lupango, iko dola 20, herufi zinatokeza, inasomeka toka ngambo ya barabara. Pale kulikuwa kosa. Jina yetu iko na «tsh», balipiga «ch». Nilirudi nayo roho inapiga juu nilikuwa nimeisha kulipa yote, nikajitayarisha kugombana. Mama ya kitabu alifungua ukurasa ya komande, akatosha karatasi yenye niliandika na mukono yangu, akaangalia kibao, akaita kijana: «Hii ni kosa yetu, mupige ingine.» Na balipiga ingine bila kuniomba hata franka moja, na ile ya kosa baliirudisha ku moto. Duka ngapi mu muji itakufanyia vile? Kwa miye ile karatasi yenye mama alichunga inalingana na tablo yenyewe.

Nije ku jambo yenye bengi hatupendi kuuliza. Mu muji hii kamba ya umeme inakatwa usiku, kartie nzima inalala mu giza, hospitali na ma pompi ya maji inasimama, na shaba ya ile kamba inaenda mahali. Haiyeyuki mu hewa. Kwa hiyo niliuliza papa bila haya, shaba yenu inatoka wapi. Hakukasirika. Alinionyesha bifaktire ya matole, na tole ya mukono yangu ilikuwa na unene moja mahali yote, yenye inatoka ku mashini kubwa ya kulaza chuma, kitu yenye mutu hawezi kufanya mu lupango na waya ya kuiba. Lakini kwa bitu ya kumwanga, yenye shaba inayeyushwa na kumiminwa mu kalibu ya muchanga, hapo hakuna alama yenye inabaki, na hapo njo uulize nguvu zaidi. Ye anasema anatumia mabaki ya matole yake, bipande bya kukatwa, na niliona pipa yake yenye anaibakishia. Muulize, banunuzi ya kwetu. Tukinyamaza tunalipa kwa kulala giza.

Bitu ya kumwanga yenye anafanya mingi ni ile misalaba ya Katanga, yenye iko na mikono ine inalingana. Bakubwa ya zamani baliitumiaka sawa falanga mbele ya wazungu kufika, bengine balizikwa nayo, mu makaburi ya zamani ya Sanga ku Upemba balizikutaka, na tatu zilikuwaka ku bendera ya Katanga ya 1960, wakati ilijitenga na Kongo. Yake haziko za zamani na hasemi ni za zamani, hiyo nayo ni kitu ya kusifu, juu kuko benye banazika musalaba mu bulongo ya chumvi ili ioze haraka bauzishie mugeni. Ndogo iko dola 6, kubwa ya kiganja dola 15. Bengi banatundika tatu ku ukuta ya salo na iko sawa. Shi tulifanya ingine: tuliomba masoni azilaze mu simenti ya njia yenye inatoka portaye mpaka barza, uso yake sawasawa na simenti, moja kila hatua. Miguu ya batoto inazisugua kila siku, katikati zinan'gaa na pembeni zinabaki nyeusi. Kama unatafuta kitu moja tu ya kufanya mu lupango na haina bei kubwa, fanya hiyo.

Malakiti sasa, ile jiwe ya kijani. Hapa mufungue macho. Iko na kijana mwenye anafanya meza ya malakiti, bipande bidogo bidogo bilikatwa na kupangwa mpaka mistari ya kijani ya giza na ya mwangaza inafuatana sawa maji ya muto. Muzuri kusema kweli, niliizunguka mara nyingi. Meza kidogo ya kahawa iko dola 250. Sikununua, na nitasema juu ya nini. Kwanza, malakiti ni jiwe laini, kisu ya jikoni inaikwaruza, na asidi inaila: ndimu ikidondoka, vinegre ikidondoka, fanta ikikaa usiku, uso inakufa. Ni meza ya kuangalia, hapana ya kulia, na kabisa hapana ya barza. Kama uko na nyumba ya batu bazima na unaichunga, sawa. Ya pili, na hiyo njo iliniuma roho: kijana alikuwa anakata jiwe kavu, bila maji na bila maski, na vumbi ya kijani ilikuwa inajaa ku nyusi zake. Ile vumbi ni ya shaba, iko mubaya ku mapafu, na ye ni kijana ya miaka kidogo tu. Niliambia papa pale pale. Alinisikiliza, akasema maji bako nayo lakini kijana anachoka kuibeba. Niliporudi kuchukua lampe nilikuta ndoo ya maji pembeni ya mashini na jiwe inakatwa ikilowa. Maski bado. Weye mwenye utaenda, umuambie pia, tukimuambia bengi atanunua. Kitambaa ya ku pua haitoshi.

Kwa benye banataka malakiti bila meza, kuko mayai, masanduku madogo, bibakuli. Ya kweli iko nzito na baridi ku shavu, hata jua ikiwaka, na mistari yake haifanane mara mbili. Ya plastiki iko nyepesi, inapata joto ya mukono haraka, na mistari inajirudia. Pale Katuba niliona ya kweli tu.

Bitu ya lupango sasa, na hapa atelie inashuka. Bijana balianza kufanya mabakuli ya maua mu mipira ya gari, unajua ile yenye banakata meno meno na kuigeuza inje ndani, banapaka nyekundu na manjano. Dola 5 moja. Usilipe. Yabo haina matundu chini, mvua inajaza maji, na mu wiki moja uko unafuga mbu ku mulango. Na rangi yenye banapaka inatoka juu hawaoshe mupira na sabuni mbele. Kitu hii fanya mwenyewe na batoto ya nyumba: tafuta mupira yenye imeisha meno, kisu yenye makali, maji ya sabuni ya kulowesha kisu ili iteleze, kata meno, ikanyage na muguu ugeuze, na hiyo kugeuza inaomba batu babili. Toboa matundu ine ao tano chini, weka bikokoto mbele ya bulongo, osha, kausha, paka rangi ya mafuta. Jumamosi moja imeisha.

Chupa njo kitu yenye sishauri kabisa. Banakata chupa ya bia katikati banazipanga kuzungusha maua, na makali ya juu iko wazi, hawaisugue. Batoto banakimbia mu lupango pekupeku. Niliuliza juu ya nini hawageuze chupa nzima mudomo chini, yenye haina makali, jibu ilikuwa chupa nzima iko na konsinye, ile falanga yenye banakurudishia ukirudisha chupa, bei inapanda. Basi weka matofali. Tofali ya bulongo ya kichuguu, yenye inachomwa huku huku pembeni ya muji, ukiilaza ya kulala upande inazungusha maua muzuri kuliko chupa, na haikate mutu.

Ndege za chuma kwa upande ingine zinanifurahisha. Fundi moja mu bale bijana anakata futu ya mafuta ya zamani, anafanya mabawa, miguu ni feraberto, ile chuma ya kutia mu simenti, shingo murefu, korongo anafika kiuno ya mutu. Dola 25. Kuko moja yetu mu majani pembeni ya bomba ya maji, na bantu bakipita njiani banaita batoto yabo kuja kuiona. Uombe bapake antiruyi, ile ya kuzuia kutu, mbele ya rangi, na muguu izamishwe mu simenti, bila hivyo upepo ya mvua ya kwanza inaangusha. Hapo hata papa, mwenye moyo yake iko ku shaba, anakubali ule kijana iko na mukono.

Ile bibao ya rangi, yenye samaki na ndege na majani yenye imejaa matone, nipite haraka. Ni mutindo ya Hangar, ile atelie Pierre Romain-Desfossés alifunguaka huku mu 1946, na kule njo bachoraji ba Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga balitokea. Bijana ya Katuba banaiga vile banaweza, rangi iko safi, dola 15 inafaa kwa chumba ya batoto. Lakini kwa miye bangejaribu kuchora kile banaona benyewe, hata jakaranda ya mwezi ya kumi yenye inamwaga maua mu barabara, kuliko kurudilia samaki ile ile.

Kuhusu wakati: hawaheshimu tarehe. Lampe ilisemwa itakuwa tayari mbele ya Pasaka, ilitoka kisha Pasaka, na tulikuwa na bageni. Umeme ikikatika mashini ya kutoboa inasimama, hiyo naelewa, lakini kupiga telefoni kumuambia mutu «mama, bado» haiombe umeme. Ukiwa na harusi ao matanga ao sikukuu, toa komande mapema sana na weka siku yako mbele ya siku ya kweli. Kwa upande ingine, tablo yetu ilipata pigo siku ya kuhama samani, kona ilikunjwa, papa aliinyoosha ningali nimekaa, na alikatala falanga.

Banaomba avansi ya nusu, mama anakuandikia resi, usiondoke bila resi. Banapokea dola na franka kwa bei ya siku. Transpori ni yako, kwa tablo kubwa kuja na blanketi mbili na gari, usijaribu ku pikipiki. Beba vipimo ya ukuta, foto ya mahali, na kama ni kibao ya jina andika na herufi kubwa ku karatasi, uache karatasi kwa mama. Asubuhi njo muzuri, mafundi bote bako pale, na mu kipindi ya mvua kisha saa nane kazi ya inje inasimama. Kufika, ukiingia Katuba uliza tu fundi ya shaba, hata batoto ya njiani banamujua. Siku ya Mungu banafunga.

Kwa sasa kuko komande yetu ingine kwabo, lampe ya pili ya upande ya jikoni, hii na desini ya majani ya mihogo, nusu imelipwa. Ikitoka nitaongeza foto, na nitasema kama mara hii balipiga telefoni.